Nati ya Nyuma Ikigoma

Nati ya gurudumu la nyuma haikwami siku ile unapotaka kuifungua. Huwa ilikwama kitambo, nawe ukaendelea kubeba abiria kati ya Kanduyi na Bungoma mjini bila habari, kwa kuwa hakukuwa na lililokulazimu kuigusa. Msumari ulipotoboa tyubu, fundi wa pancha kando ya barabara hakuvua gurudumu. Alibandua ukingo mmoja wa tairi kwa vyuma vyake viwili, akavuta nje kipande cha tyubu, akakisugua, akabandika kiraka, akarudisha, akajaza upepo, ukaenda zako. Huo ni ufundi wa kusifiwa, tena unaokoa muda na shilingi. Ila ndio unaoifanya nati ikae mwaka mzima, pengine miwili, bila kuonja spana. Siku tyubu inapochanika kabisa, au meno ya sproketi yanapochongoka, au brekishuu zinapoisha, ndipo mnapokutana nayo.

Na mnakutana wakati mbaya. Tajiri anangoja hesabu yake jioni, mteja wa Chwele anapiga simu, mawingu yanateremka kutoka Mlima Elgon.

"Fundi, nifanyie chapchap, niko na mtu."

"Ngoja kwanza, mkubwa, hii imeshika."

Mkubwa hangoji. Linaletwa bomba la maji, linachomekwa kwenye mpini wa spana, kijana mmoja anapanda juu na kuanza kurukaruka. Kinachofuata kila fundi wa jua kali anakijua: pembe za nati zinalika, au spana inachomoka na vifundo vya vidole vinakwaruzwa kwenye ekzosi, au ekseli inakatika kwenye thredi. Sehemu kubwa ya hasara inayoletwa na nati iliyokwama haitokani na kutu. Inatokana na dakika kumi za kwanza za pupa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu nautanguliza hapa, kabla hujaenda kutafuta bomba: fungua nati hiyo siku ambayo pikipiki haijaharibika. Chagua jioni ya Jumamosi, ipake mafuta, ilale. Jumapili alasiri ilegeze, ipake grisi, ikaze tena. Ukifanya hivyo mvua inapokaribia kuanza na tena inapokoma, huenda usihitaji kamwe sehemu kubwa ya haya yanayofuata. Lakini najua wengi mnaosoma tayari mmechuchumaa kando ya gurudumu, basi tuendelee.

Upande wetu huu una visa vyake. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mvua ikianza Machi au Aprili mara nyingi haituachi hadi Oktoba. Hakuna kiangazi cha kweli katikati cha kuikausha ekseli. Udongo mwekundu unaganda kwenye uma wa nyuma na kushikilia unyevu siku nzima. Halafu kuna shehena yenyewe. Ndani ya Trans Nzoia na sehemu za juu za Bungoma, pikipiki ni lori la mkulima mdogo: Machi inabeba magunia ya mbolea ya DAP ya kupandia, mahindi yakifika magotini inabeba CAN ya kukuzia. Gunia likiwa na tundu, chembe humwagika juu ya uma, cheni na nati. CAN hufyonza maji ya hewani na kugeuka uji wa chumvi, na chumvi hizo hula chuma kuliko mvua tupu. Maziwa yanayodondoka kwenye mitungi huchacha yakawa asidi. Kisha mwenye pikipiki anajipa moyo kwa kuipeleka kuoshwa kwa mashine ya maji ya kasi, inayosukuma matope na sabuni hadi ndani ya thredi, mahali ambapo mvua yenyewe isingefika. Ukibeba mbolea, mwagia ekseli maji ya ndoo siku hiyohiyo, usingoje Jumamosi.

Kutu nayo haikai tu kama vumbi. Chuma kikigeuka kutu huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya ile ya mwanzo, na kati ya thredi za nati na za ekseli nafasi ya kufurika haipo. Inajikaza yenyewe. Ndiyo maana nati uliyoikaza kwa mkono mmoja mwaka jana leo inawashinda watu wawili.

Kabla ya kuilaumu kutu, hata hivyo, tazama kama hakuna kitu kingine kinachoishikilia. Chukua brashi ya waya, safisha mpaka uone chuma. Huenda kuna pini ya kupasuliwa iliyopita katikati ya ekseli, imefunikwa na grisi na matope hadi haionekani; inyooshe ncha zake kwa koleo, uichomoe. Ikikatikia ndani, isukume kwa msumari mwembamba ulionyooka. Huenda nati ina pete ya plastiki ndani yake ya kuizuia isijifungue. Hiyo haijakwama, ni nzito tu mwanzo hadi mwisho, izungushe polepole bila wasiwasi. Huenda fundi aliyetangulia aligonga ukingo wa nati kwa tindo ili usilegee, basi ondoa alama hiyo kwanza. Mafundi wengine hufunga nati mbili, moja juu ya nyingine, na mtu akahangaika na ya ndani kabla ya kuondoa ya nje. Haya yote nati hujibu kwa namna moja tu, kwa kukataa.

Sasa spana. Kuna ile inayofunguka na kufungika mdomo, ambayo jina lake la mtaani, spana malaya, linatosha kueleza sifa yake: inakubali nati yoyote na haishiki yoyote sawasawa. Iweke kando. Spana ya mdomo wazi nayo hushika pembe mbili tu, na mdomo wake hupanuka ukiuvuta kwa nguvu. Kinachohitajika ni spana ya ringi au soketi yenye pembe sita ndani, ya saizi kamili. Zile zenye pembe kumi na mbili ni nzuri kwa kazi ya haraka, lakini kwa nati iliyooza hushika kwenye ncha za pembe, ndipo hasa panapolika. Safisha nati kwanza ndipo upime, maana matope na kutu hukudanganya saizi. Spana ikicheza hata kidogo, hiyo siyo. Kama huna ya kwako, azima au lipa fundi akufungulie kwa soketi yake. Ada hiyo ni ndogo kuliko bei ya ekseli.

Mafuta ya kupenyeza ndiyo yanayofanya kazi, mikono humalizia tu. WD-40, ile ya kopo la bluu na manjano, ilibuniwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye vyuma vya makombora. Inasaidia, ingawa kuna mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kulegeza kutu na hayo hupenya zaidi. Mafundi wengi huchanganya nusu kwa nusu mafuta ya gia za otomatiki na asetoni, na mchanganyiko huo ni mzuri sana. Utikise kila mara kwa sababu hujitenga, na uuweke mbali na moto, rangi na plastiki. Dizeli na mafuta taa pia hupenya ukiyapa usiku mzima. Oili chafu ya injini sishauri. Ni nzito, inakaa juu ikisubiri kama wewe.

Usimwage ovyo. Ndani ya habu, upande mmoja, kuna dramu na brekishuu, na brekishuu ikilowa mafuta pikipiki haitasimama utakapoteremka kwenye mteremko ukiwa na abiria wawili. Ingia duka lolote la agroveti ununue sirinji. Kwa sindano yake unaweza kuweka tone moja hasa pale nati inapokutana na ekseli, na jingine nyuma ya washa. Laza pikipiki kidogo upande wa pili ili mafuta yaelekee kwenye thredi yasikimbilie kwenye dramu. Gonga nati kwa nyundo ndogo kuizunguka, kila pembe, siyo kwa hasira. Mtikiso huo hupasua kutu na kufungulia mafuta njia. Rudia baada ya saa moja, rudia kabla ya kulala. Asubuhi tone moja la mwisho, ndipo ushike spana.

Hapa watu wengi hukosea namna ya kusimama. Usiipandishe pikipiki kwenye stendi ya kati ukaanza kuivuta nati. Itakuangukia, au itaangukia mtoto anayekutazama. Iache kwa magurudumu yake mawili juu ya ardhi ngumu, weka gia, mtu mmoja aishike usukani na kuibana kwa nyonga. Kama nati iko upande wa kushoto wa pikipiki, upande ambao kwa kawaida ndio wa cheni, elekeza mpini wa spana mbele, kuelekea injini, kisha bonyeza chini. Ikiwa upande wa kulia, elekeza mpini nyuma ubonyeze chini. Hivyo uzito wa mwili wako unaingia ardhini kupitia gurudumu, na pikipiki haina pa kwenda. Ukifanya kinyume, unavuta juu: unanyanyua pikipiki na kuumiza mgongo, na spana ikiteleza unarudi nayo usoni. Na ukijikuta unabonyeza chini huku mpini umeelekea upande usio sahihi, jua kuwa unakaza.

Kuhusu bomba, sina ugomvi nalo. Hesabu yake ni hii: mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 30 anatoa mzunguko wa takriban nyutoni mita 200. Pikipiki nyingi za CC 100 hadi 150 hazihitaji hata 100 kukaza nati hiyo. Akiongeza bomba mpaka mita nzima, anakaribia 700, na hapo anayeamua mambo siyo nati tena, ni chochote kilicho dhaifu zaidi. Kwa hiyo bomba litumike ili uvute taratibu kwa mkono mmoja, siyo ili urukeruke. Vuta, ongeza, ongeza, usishtue kwa ghafla. Sikiliza. Kutu ikiachia hutoa mlio mkavu, mfupi, kama kijiti kinachovunjika, kisha nati inasonga kidogo na kugoma tena. Hiyo ni habari njema. Lakini spana ikianza kwenda laini, kimya, kama inayozama kwenye ugali, simama papo hapo. Thredi zinachunika au ekseli inajinyonga.

Kuna ujanja mdogo ambao mafundi wazee huutumia na vijana huucheka: jaribu kwanza kuikaza kidogo. Ukisogeza nati hata upana wa unywele kuelekea kukaza, umevunja kile kifungo cha kutu, na safari ya kurudi huwa nyepesi. Ikishaanza kulegea, usiifungue moja kwa moja hadi mwisho. Robo mzunguko nje, kidogo ndani, tone la mafuta, robo nyingine. Unga wa kutu unaosagika humo hujazana mbele ya nati na unaweza kuikwamisha tena katikati, na kukwama huko kwa pili huwa kubaya kuliko kwa kwanza.

Wakati mwingine nati inazunguka na ekseli yote. Tazama kichwa cha ekseli upande wa pili: kina pembe za kushikwa na spana nyingine, au tundu la kupitisha chuma. Shika hapo. Kama kichwa hakina pa kushika, bana ekseli kwa koleo la kufunga, lakini kamwe usibane penye thredi.

Moto ni hatua ya mbele zaidi, nami ningependa ubaki kwa fundi mwenye mtungi wa gesi na akili timamu. Faida yake inapimika: nati yenye tundu la milimita 15 ikipata joto la nyuzi 300 zaidi ya kawaida, tundu hilo hupanuka kama sehemu ya ishirini ya milimita. Ni kidogo, ila kwa kutu ni mlango wazi. Chuma kilichong'arishwa kikifika hapo hugeuka rangi ya samawati, na huhitaji kukifikisha kwenye wekundu. Lenga nati, siyo ekseli, kwa muda mfupi, maana zikipata moto pamoja zote mbili hupanuka na hujapata kitu. Nati ikiwa bado moto, igusishe mshumaa. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya thredi. Kisha spana.

Kabla ya moto huo futa kabisa mafuta uliyoyapaka jana, toa upepo kwenye tairi, funga bomba la petroli, na kama inawezekana ng'oa tangi uliweke mbali. Kumbuka kuwa habu ni ya aluminiamu, ndani yake mna beringi zenye grisi, mna sili za mpira, na upande wa sproketi mna raba za kupunguza mshtuko. Vyote hivyo huharibika vikiokwa. Mashine ya hewa ya wafungua magari makubwa ni mbadala mzuri na salama zaidi: mapigo yake mafupi ya haraka hupasua kutu bila kuisokota ekseli. Kituo cha matairi ya malori mjini Kitale au Bungoma kinaweza kukufanyia kazi hiyo kwa sekunde chache, mradi ufike na nati ambayo pembe zake bado zipo.

Na kama pembe hazipo? Basi nati hiyo imekwisha, acha kuibembeleza. Nati mpya haifiki bei ya lita ya petroli. Kinacholindwa sasa ni uma na habu. Fundi wa kuchomea anaweza kubandika nati kubwa zaidi juu ya ile iliyolika na kuijaza moto ndani: anapata pembe mpya, na joto la kuchomea lenyewe hulegeza kutu. Mwambie aondoe waya za betri kwanza, na ile klipu ya athi aibane kwenye ekseli karibu kabisa na nati. Akiibana mbali, mathalani kwenye usukani, umeme utapita katikati ya beringi na kuziachia makovu.

Asipokuwepo wa kuchomea, tumia msumeno wa chuma au grainda. Kata ubapa mmoja wa nati ukienda sambamba na ekseli, ukiacha ganda jembamba bila kugusa thredi, kisha weka tindo kwenye mkato na upige pigo moja la maana. Nati hupasuka na kufunguka kama pete. Cheche zote zielekezwe mbali na tangi, na uvae miwani. Usimwamini fundi anayefumba jicho moja na kukuambia amezoea.

Nati ikitoka, usishangae ekseli yenyewe ikikataa kuchomoka. Imeshikana na bushi ndani ya beringi. Irudishe nati, mpya kama ipo, hadi ilingane na ncha ya ekseli, uweke kipande cha mti mgumu juu yake, ndipo ugonge. Kugonga ncha tupu huitanua kama uyoga, na hapo haitapita tena popote. Ukiweza, izungushe kwanza kwa spana upande wa kichwa huku mwenzako anagonga.

Neno kwa wenye skuta, ambao si wengi huku lakini wapo. Nyingi za otomatiki hazina ekseli inayopita upande hadi upande. Gurudumu limekaa kwenye shafti yenye meno na nati moja kubwa katikati. Hiyo hukazwa zaidi, na ukiisokota gurudumu lote linazunguka. Kwa hiyo kabla ya kuinyanyua, mtu akae juu yake, abane breki ya nyuma kwa nguvu zote, wewe ndipo uvute. Kwenye Vespa za zamani gurudumu hutoka kwa nati ndogo za pembeni. Ile ya katikati, chini ya kikombe cha chuma na pini, ni ya dramu. Kabla ya kupigana nayo, jiulize kama unaihitaji.

Kurudisha ni kazi ya utulivu. Sugua thredi kwa brashi ya waya hadi zing'ae, na uipitishe nati mpya kwa vidole mwanzo hadi mwisho. Ikigoma kwa vidole, thredi zake si za ekseli hiyo, usiisaidie kwa spana. Paka grisi mwilini mwa ekseli, na safu nyembamba tu kwenye thredi. Bushi zirudi kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Wenye simu watapiga picha kabla ya kufungua. Linganisha alama za pande zote mbili za uma ili gurudumu lisikae mshazari, uache cheni ilegee kama sentimita 2 hadi 3, kisha kaza kwa spana tupu bila bomba. Pini iwe mpya. Na tafadhali ule mkono wa chuma unaoizuia sahani ya breki isizunguke, ufungwe na nati yake na pini yake. Ukisahaulika, mara ya kwanza utakapokanyaga breki kwa nguvu sahani itajizungusha na kukunja fito zote, na gurudumu linaweza kufunga ghafla.

Sukuma pikipiki kwa mkono ukijaribu breki kabla ya kuipanda. Beba mzigo mwepesi kwanza, na ukifika Kiminini au Kamukuywa shuka, uguse habu kwa mgongo wa mkono. Ikiwa moto kupita kiasi, legeza kidogo nati ya ufito wa breki. Ikiendelea kuchemka, kuna bushi iliyokaa vibaya, fungua tena. Jioni rudisha spana kwenye nati mara moja, uone kama imesogea.